Ubao Haujajaa

Nimeanza kuandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kungoja zipoe. Hasira zangu zina tabia mbaya ya kupoa upesi. Nikinywa kikombe kimoja cha chai, nimeshausamehe mtaa mzima. Kwa hiyo chai iko pale mezani, nimeifunika kwa kisahani, na haitafunuliwa mpaka nimalize kueleza habari za mwenye nyumba wangu, ambaye Tunduma yote inamwita Fundi tu, kana kwamba mji huu wenye mafundi wengi kuliko kuku haujawahi kupata fundi mwingine.

Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, babu yake alikuwa nani, hayo waulizwe ndugu zake. Wanayajua sana mambo ya ukoo. Kitu ambacho hawakukijua ni kile kilichokuwa kimetundikwa ukutani kwake. Mimi nakijua, na mimi ni mpangaji tu. Nimekaa chumba cha uani kwa miaka mingi, cherehani yangu upande huu wa ukuta na gereji yake upande ule, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba Fundi akipiga chafya, uzi wangu unakatika.

Gereji ni banda la bati ndani ya ua wa nyumba, linatosha gari moja na nusu. Lori likija, kichwa kinaingia bandani na mkia unabaki kwenye kamba zetu za nguo. Sakafu ni ya mafuta meusi, kona zimejaa matairi na betri zilizokufa zamani, na juu ya pipa moja kuna redio ambayo haijawahi kushika kituo chochote ila cha Zambia. Fujo yote unayoijua ya gereji ilikuwemo. Ukuta wa ndani peke yake ndio uliokuwa kama madhabahu, Mungu anisamehe kwa kulinganisha.

Hapo ndipo ulipokuwa ubao wa soketi. Kwa asiyejua, soketi ni vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati, kila kimoja na namba yake, unakipachika kwenye mpini unazungusha. Gereji nyingine soketi hukaa kwenye ndoo, zimechanganyikana na misumari na maganda ya karanga, na fundi anayeitaka kumi na nne huimwaga ndoo nzima chini na kuchakura kama kuku. Fundi wangu alikuwa anaona ile ni dhambi. Alichukua ubao mpana kutoka kwenye bodi la lori lililovunjwavunjwa, akautoboa, akauwekea vigingi vya mbuni. Ndiyo, mti wa kahawa. Binti yake ameolewa Itaka, na kila shamba la huko linapong'olewa mibuni mizee, Fundi aliletewa matawi makavu kama wengine wanavyoletewa ndizi. Msumari alikuwa anauchukia. Msumari unaikwaruza soketi kwa ndani, alisema, na mti wa kawaida unakunywa mafuta mpaka unaoza, ila mbuni ni mgumu na hauna njaa.

Kila kigingi alikichonga pembe nne kwa kisu, kikaingia sawasawa kwenye tundu la mraba la nyuma ya soketi. Soketi ikikaa haizunguki, na namba yake inakutazama usoni. Namba zilipofutika kwa uzee, alivuka mpaka akaenda Nakonde, mzee mzima mwenye mvi kidevuni, akanunua rangi nyekundu ya kucha, akazichora upya moja moja. Dada aliyemuuzia alimuuliza kwa utani kama ni ya bibi au ni ya kwake. Fundi alimgombeza yule dada, akagombeza na duka, akarudi huku Tanzania bado anagombeza, na afisa wa mpakani nasikia alimpisha bila kumuuliza kitu.

Hakuzipanga kwa ukubwa. Alizipanga kwa urafiki. Wanaofanya kazi pamoja wanalala pamoja, ndivyo alivyosema, na alizisema hivyohivyo kama watu: huyu, yule, wale. Kumi na kumi na mbili na kumi na tatu walikaa juu, ni wa magari madogo. Kumi na saba na kumi na tisa walikaa katikati, bega kwa bega, kwa sababu hakuna lori lililowahi kufunguka bila hao wawili. Thelathini na mbili, mnene kama bilauri, alikaa chini kabisa ili akianguka asimvunje mtu kidole. Kumi na nane alikaa pembeni peke yake. Huyo alimwita mvivu. Sijui ni magari gani yanayotumia kumi na nane, sijawahi kuyaona, lakini jioni alifutwa kama wenzake, na Fundi akimfuta alinung'unika kwamba hata mvivu naye anakula hapahapa.

Kufuta huko alikuita kuwalaza. Jua likianza kuzama nyuma ya yale malori ya foleni, kazi inasimama, hata kama gari limebakiza nati moja. Fundi anachukua tambara lenye dizeli, anafuta soketi moja, anaivisha kigingi chake, anachukua nyingine. Haongei. Ndiyo nafasi pekee katika siku nzima aliyokuwa haongei, na mimi nilijifunza kuitumia kushona vifungo vya mashati, maana ni kazi inayotaka utulivu. Akimaliza, anarudi nyuma hatua chache, anautazama ubao. Ukiwa umejaa, anafungua mnyororo wa geti na gari linatoka. Ukiwa na kigingi kitupu hata kimoja, geti halifunguliwi. Awe mchungaji, awe diwani, awe amebeba maiti, ubao haujajaa, gari haliondoki.

Sasa nizungumze kuhusu hasira zake, kwa sababu mtu akieleza habari za Fundi bila hasira atakuwa anaeleza mtu mwingine. Fundi akikasirika, malori ya foleni yalizima injini ili yasikilize. Aliikasirikia mvua kwa kunyesha na vumbi kwa kutonyesha. Aliyakasirikia magari ya Chitete, yanayokuja yamelegea nati zote kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza, akauliza huko wilayani Momba wanaendesha barabarani au wanaendesha juu ya matuta ya viazi. Halafu akalala chini ya gari hilo siku nzima kwa upendo wa ajabu. Na alikuwa hamwazimi mtu soketi. Ukitaka toroli, chukua. Godoro la wageni, chukua. Wakati wa msiba wa jirani alitoa jenereta na akasahau kabisa alimpa nani, tukaja kuliona likiwasha taa za harusi mtaa wa nne. Ila ukija na sauti ya upole kuomba kumi na tatu ya dakika moja tu, ungedhani umemwomba figo. Lete gari lako hapa, alikuwa anasema, soketi haitembei.

Kuna siku tulikuwa na dereva mmoja Mzambia, mtu mwema, amebeba shaba kwenda Dar es Salaam, gari lake lilikuwa linavuja mafuta. Fundi alimaliza kazi mchana. Akaanza kuwalaza mapema ili dereva awahi, na hilo peke yake lilikuwa heshima kubwa. Kufika kigingi cha kumi na nne, mkono ukarudi mtupu.

Tuliitafuta. Tulifunua injini upya, tukamulika kila pango. Nilianua nguo zangu zote nikazikung'uta. Tulimwaga hata ndoo ya maji ya kunawia. Dereva alivumilia, mwishowe akamsogelea Fundi kwa adabu, akamwita bashikulu, ambavyo ndivyo Wabemba wanavyomwita babu.

"Bashikulu, wenzangu wameshaondoka. Nitapoteza zamu yangu ya kushusha."

"Ipotee."

"Ni soketi moja. Nitakununulia kumi."

"Sikatai," Fundi akasema. "Ukifika kule kwenye miteremko na huyu mmoja yumo ndani ya gari lako, hizo kumi utaninunulia kwa mikono ipi?"

Dereva akakaa chini kwenye tairi, akashika kichwa. Fundi akaenda mtungini kunywa maji. Akainama na kikombe, na kumi na nne akateleza kutoka kwenye mfuko wa shati lake, akatumbukia ndani ya kikombe, tii.

Mimi nilikaza macho kwenye ukuta. Dereva naye alijitahidi, nakiri alijitahidi sana, halafu akacheka mpaka wake za madereva kule Nakonde wakajua mume wa nani huyo. Mtu mwingine angeomba radhi. Fundi alilikasirikia shati. Alilivua palepale, akalipiga chini, akaingia ndani na kutoka na mashati yake yote mkononi, akayabwaga juu ya cherehani yangu.

"Mpangaji. Toa mifuko."

"Yote, Fundi?"

"Yote. Mfuko unaiba huku umeuvaa."

Kesho yake nilifumua mifuko kutwa nzima. Tangu siku ile alivaa mashati yaliyopauka, yenye kiraka cha rangi mbichi kifuani pale mfuko ulipokuwa, na wageni waliokuja Tunduma walidhani ni sare ya dhehebu fulani.

Kwa nini ukali wote huo kwa kikombe cha chuma, nilimuuliza mara moja tu, na alinijibu mara moja tu. Zamani, kabla hajawa na banda lake, alikuwa fundi kwenye gereji ya mtu. Alifunga lori jioni, amechoka, wenzake wanamhimiza, na soketi moja akaiacha juu ya fremu. Lori likaondoka. Kwenye mteremko ile soketi ikaanguka, ikabana kwenye vyuma vya usukani, na dereva akaenda korongoni na gari lake. Hakufa. Baada ya miezi alikuja kwa magongo pale gereji, akaingiza mkono mfukoni, akatoa soketi, akamwekea Fundi kiganjani. Akageuza magongo, akaondoka. Fundi aliniambia afadhali mtu yule angemtukana mama yake.

Soketi ile ilikuwa kumi na tisa. Ilikuwa na ufa mdomoni kutokana na ile ajali. Haikufaa tena kwa nati ngumu, na Fundi aliinunua kumi na tisa nyingine ya kazi. Lakini ile yenye ufa ndiyo aliyoipa kigingi pale katikati, karibu na kumi na saba, na ile nzima akaipachika jirani yake kwenye kigingi kingine. Ukiigonga yenye ufa hailii kama wenzake. Inatoa sauti ya kukwama, kama mtu mwenye mafua.

Nisimfanye mkali tu, maana hata mimi nimekula mema yake. Nilipoanza masomo ya jioni, mimi mama mzima mwenye watoto waliokwishaota ndevu, Fundi alinipigia kelele karibu wiki nzima. Nitafanya nini na hesabu za maumbo? Nitashona magauni ya pembetatu? Macho yangu yakiharibika nani atamtolea mifuko? Jioni ya kwanza nikarudi na madaftari yangu, umeme wa chumbani umekata na sina luku. Nikaona taa ya gereji inawaka, na chini yake kimewekwa kiti na pipa limefutwa juu likawa meza. Fundi alikuwa anaingia ndani kulala. Bila kugeuka akasema nisiguse ubao. Basi. Mpaka ninamaliza kidato cha nne nimesomea pale, nikiinua macho nakutana na zile namba nyekundu za rangi ya kucha, na nina hakika ndizo zilizonifaulisha.

Sasa naingia kwa ndugu zake. Shika moyo.

Mdogo wake Fundi ana mtoto wa kiume anayeitwa Ayubu, mwenye duka la simu na gari aina ya Noah linalong'aa kama limelambwa. Ayubu si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anampenda baba yake mkubwa. Aliwahi kumletea zawadi, boksi jeusi la plastiki lenye soketi mpya, kila moja kwenye shimo lake, unafunga klipu, unabeba kama mkoba wa wakili. Fundi alilifungua, akalifunga, akalitikisa karibu na sikio.

"Likifungwa, nitajuaje nani hayupo?"

"Utafungua uangalie, baba mkubwa."

"Jioni mtu amechoka, nani anafungua?"

Zile soketi mpya alimpa fundi wa mtaa wa pili, baada ya kumweleza kwa sauti kubwa kwamba ni takataka. Boksi akamwekea kuku atagie, na kuku akatotoa humo vifaranga wengi mno, naweza kusema mia. Ayubu alicheka, akasema mzee ana mambo yake. Hakuuliza lile swali lilikuwa na maana gani.

Mwaka jana macho ya Fundi yakaingia ukungu. Alianza kusoma namba kwa ncha ya kidole. Binti yake akaja kumchukua, akampeleka hospitali Mbeya, mtoto wa jicho akatolewa jicho moja, baadaye la pili, na katikati ya hayo alikaa Itaka muda mrefu akipumzika. Banda likafungwa. Mimi nilibaki nafagia na kufuta ubao vumbi, mara moja kwa wiki, bila kuhamisha kitu.

Wakaja siku ya Jumamosi. Mdogo wake Fundi, shangazi mmoja wa Ikinga, jamaa yao anayefanya kazi Chitete, wengine siwajui majina, wamejaa kwenye Noah ya Ayubu. Wakafungua banda. Wakakaa kwenye matairi wakafanya kikao. Nilisikia yote, ukuta nimeshaueleza. Mzee amefanya kazi ya kutosha, macho hayo hayatarudi kwenye injini, banda litageuzwa chumba cha kupangisha. Hapo Ayubu akasimama mbele ya ubao na machozi ya kweli machoni, akasema soketi hizi ndizo maisha ya baba mkubwa, kwa hiyo kila mmoja achukue moja, iwe ukumbusho.

Desturi ya kugawana vitu vya marehemu naijua. Huku kwetu watu wakishaanua matanga wanakaa, huyu anapewa koti, yule jembe, wa tatu kikombe cha chai, ili kila nyumba ibaki na kitu cha yule mtu. Ni desturi nzuri. Lakini marehemu kwanza afe! Huyu wao alikuwa Itaka anakula ndizi na kuulalamikia mchuzi.

Nilitoka na sindano mdomoni. Nikawaambia hizo ni seti, zikitawanyika hazifungui hata kifuniko cha sufuria, na mwenyewe anarudi. Ayubu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu yote aliyofundishwa.

"Mama," akasema, "tunakushukuru kwa kumtunzia. Lakini hili ni jambo la familia. Wewe ni mpangaji."

Nilirudi ndani nikashona shati la mteja mikono yote miwili upande mmoja. Hao wakaondoka na soketi za ubao mifukoni, na hakuna hata mmoja aliyeuchukua mpini wa kuzizungushia. Mpini wa nini, wao walitaka ukumbusho! Baadaye nikaja kujua zilikoenda. Kumi na saba iko ofisini Chitete, inakandamiza karatasi zisipeperuke. Kumi na tatu shangazi wa Ikinga amemfunga mbuzi shingoni, inalia kama kengele. Thelathini na mbili inatwangiwa vitunguu saumu. Kumi imewekwa kabatini pamoja na maua ya plastiki, imefunikwa kitambaa. Wote wanampenda Fundi. Nilimpigia simu binti yake, akalia, akaniomba nisimwambie baba, presha itapanda. Nikakaa miezi na siri ambayo si yangu.

Leo Jumapili wamemrudisha. Noah ikaingia getini imejaa vyakula na ndugu, kuku wanne, wali wa Kamsamba unaonukia mpaka mpakani, na yeye katikati yao amevaa miwani mieusi na shati jipya alilonunuliwa na binti yake. Alikuwa amepungua. Alinisalimia, akauliza kama bado navunja sindano, halafu akaenda bandani peke yake. Nikamfuata. Nani angenizuia?

Hakuwasha taa. Alinyoosha mkono akaugusa ubao, akaanza juu, kama alivyozoea. Kigingi kitupu. Kigingi kitupu. Vidole vikashuka taratibu, vikapita katikati, vikasimama pale kwa kumi na tisa, vikazunguka kijiti mara kadhaa, vikaendelea. Kule pembeni vikagota chuma.

"Yupo mvivu tu," akasema.

Kumi na nane, hakuna aliyemtaka. Nikamweleza yote, nani, lini, maneno gani, na nikajiandaa. Nilishika hata mlango, maana nilijua zile bati zitaruka. Fundi alimvua kumi na nane, akamfuta kwa pindo la shati, akamrudisha. Akatoka kwenda kula.

Hapo ndipo nilipokasirika hasira ya kuandikwa. Niliwakasirikia wao, sawa, lakini yeye nilimkasirikia zaidi. Mtu aliyewahi kuigombeza mvua, leo wamemzika mchana kweupe na anatafuna kuku! Nikasimama katikati ya mkeka waliokalia kula nikazipiga mimi zile kelele zake. Niliwaambia soketi haitembei. Niliwauliza nani anafungua jioni mtu amechoka. Niliwaambia mengine ambayo kidato cha nne hawakunifundisha. Ndugu wakatazama sahani. Shangazi wa Ikinga akasema polepole kwamba mbuzi wake anaipenda ile kengele. Mdogo wake Fundi akaanza kusema mambo ya presha.

"Mpangaji," Fundi akasema, "kaa ule."

Nikakaa. Nilikula kwa hasira, na nilikula sana.

Mazungumzo yakarudi, wakaeleza ramani ya kile chumba cha kupangisha, dirisha liwe wapi. Fundi anaitikia tu, mhu, mhu. Jua likaanza kuteremka nyuma ya malori. Wakaanza kukusanya masufuria. Fundi akajipapasa kifuani, akaniita bila kuinua sauti.

"Shati hili lina mfuko. Lete mkasi."

Nilimfumua mfuko akiwa amelivaa shati, uzi kwa uzi, na ndugu wakitazama bila kuelewa, wakidhani pengine ni dawa ya macho. Alipousikia mfuko umetoka, aliinuka akaenda zake upande wa geti. Tukadhani anakwenda kuwaaga.

Wakapanda Noah. Ayubu akaingiza ufunguo, akauzungusha, injini ikawaka, na kwenye fungu la funguo kitu kikagonga chuma. Sauti ya kukwama, yenye mafua.

Fundi alikuwa ameukalia ule mnyororo wa geti. Alikuwa ameshaufunga kwa kufuli, na ufunguo wa kufuli sikuuona, na mfukoni hakuwa nao, mfuko ninao mimi.

"Zima," akasema.

Ayubu akazima.

"Kumi na tisa yumo humo."

Kijana akatazama funguo zake kama amekuta nyoka. Akashuka, akaivua ile soketi kwenye kishikio, akaja nayo, akamwekea kiganjani. Fundi akaigeuza, akaupapasa ufa kwa kidole gumba. Alipoinua uso alikuwa ni yeye. Ile sauti ikatoka, na nakuapia malori barabarani yalizima.

"Na wenzake wako wapi?"

Wakaanza kutaja, mmoja mmoja, kama watoto mbele ya mwalimu. Ofisini. Kabatini. Jikoni. Shingoni kwa mbuzi. Kwa kila mmoja Fundi alisema ukumbusho wa nani, nani kafa, nionyesheni kaburi. Halafu akawaambia wapige simu zao, ziletwe, ubao haujajaa.

"Baba mkubwa," Ayubu akasema, "Chitete ni mbali, na barabara ile unaijua."

"Naijua. Imenilisha."

"Lakini kesho asubuhi nina kazi."

"Hata mimi," Fundi akasema.

Shangazi wa Ikinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvua viatu na kutafuta simu kwenye mkoba. Mimi nilikwenda jikoni kuongeza maji kwenye maharage yangu ya usiku, yatutoshe wote.